Bastola Isilale Ndani ya Ala Yake: Mwongozo wa Kuisoma na Kuitunza Ala ya Luger P08

Harufu ndiyo hutangulia. Ukifungua bizimu ya ala (mfuko wa ngozi) ya Luger, bastola ya jeshi la Ujerumani, iliyokaa kabatini miaka mingi, pua inapata ngozi kavu, mafuta yaliyochacha na chuma kabla jicho halijaona kitu. Ala ya kwanza niliyoifungua mwenyewe ilikuwa na bastola ndani. Mtu mwenye nia njema kabisa aliilaza humo zamani: aliona mfuko ulioshonwa kwa ajili yake, akaona hapo ndipo kwake. Tulipoitoa, ubavu wa mtutu ulikuwa na mstari mwembamba wa kutu uliofuata mshono wa ngozi kutoka juu hadi chini, tundu la sindano kwa tundu la sindano. Unyevu ulikuwa umekaa kwenye uzi, uzi ukagusa chuma, chuma kikaliwa pale pale.

Tangu siku ile nimekuwa nikiwaambia watu jambo moja, nalo ndilo kiini cha mwongozo huu. Ala ilitengenezwa kuilinda bastola vitani, mikononi mwa askari anayeitoa kila jioni na kuipangusa. Haikutengenezwa kuihifadhi kwa miaka 100. Kilichoiokoa bastola matopeni mwaka 1916 ndicho kinachoiua kabatini leo. Kwa hiyo vitenganishe, lakini usiviachanishe kabisa, maana bila ala yake bastola inapoteza nusu ya habari zake.

Nimechagua Luger P08 kwa sababu ndiyo ninayoijua vizuri, na kwa sababu ala yake ni darasa zima. Ukiielewa hiyo, nyingine zote hazikusumbui.

Kabla hujagusa chochote

Ala tupu ni ngozi tu. Bastola ni jambo jingine. Umri hauifanyi silaha kuwa pambo, na risasi ya 1917 bado inaweza kulipuka. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Ukikuta bastola kwenye sanduku la marehemu babu, usiichezee, usiibebe kwenye daladala kwenda kuionesha kwa fundi. Iache palepale, waite polisi waje kuichukua. Ukiwa unafanya kazi kwenye hifadhi ya makumbusho, bastola ikaguliwe kwanza na mtu mwenye idhini na ujuzi wa silaha, athibitishe kuwa chemba (pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa) ni tupu na magazini (kisanduku cha risasi) ni tupu. Kuna watu huamini kwamba magazini ikishachomolewa kazi imekwisha. Risasi moja huweza kubaki chemba.

Vaa glavu za nitraili. Jasho lina chumvi, na alama ya kidole kwenye chuma kilichong'arishwa huanza kushika kutu ndani ya siku chache. Tandika kitambaa cheupe cha pamba mezani, ili chochote kitakachodondoka, hata uzi, kionekane.

Hatua ya kwanza: uliza kila sehemu ilikuwa inazuia nini

Jeshi la Ujerumani liliipokea bastola hii rasmi mwaka 1908, ndiyo maana ikaitwa Pistole 08. Jeshi la majini lilikuwa limetangulia mwaka 1904 na aina yake yenye mtutu wa milimita 150. Ile ya nchi kavu ina mtutu wa milimita 100. Jina Luger limetoka kwa Georg Luger aliyeibuni. Uzuri wake na udhaifu wake viko sehemu moja: juu ya bastola kuna goti la chuma linalokunjika kwenda juu kila risasi inapotoka. Goti hilo liko wazi. Mchanga ukiingia kwenye viungo vyake, au tope likikauka hapo, bastola inagoma.

Sasa itazame ala ukiwa na goti hilo akilini. Kifuniko chake ni kikubwa kupita kawaida, kinashuka mbele na kuzunguka pembeni kama chungu kilichofunikwa kwa bakuli. Hakikuwa urembo. Mvua ikipiga juu inateremka nje, na askari akitambaa kifudifudi mchanga haupati njia ya kuingia. Kifuniko kinafungwa kwa ukanda na bizimu, na hapo unaona walichochagua: walikubali bastola ichelewe kutoka ili iwe safi itakapotoka.

Askari aliyechelewa alisaidiwa na kitu ambacho wengi hukifikiria kuwa ni ukanda uliokatika. Ndani ya ala kuna utepe wa ngozi unaopita chini ya bastola na kutokeza juu. Ukiuvuta, bastola inapanda yenyewe, mpini unafika kiganjani. Nimeona ala ambazo utepe huu ulikatwa na mwenye nazo kwa kudhani ni takataka. Ukiukuta mzima, usiuvute kuujaribu. Ngozi ya miaka 100 haina tena nguvu hiyo.

Pindua kifuniko utazame upande wa ndani, juu kabisa. Pana kijimfuko kidogo cha ngozi ambacho mtu asiyejua hukipita. Humo ndimo ilimokaa bisibisi ndogo ya bapa yenye tundu. Upande mmoja ulifungua skrubu za mbao za mpini. Lile tundu lilivishwa kwenye kitufe cha magazini ili kukishusha wakati wa kupakia, kwa sababu springi yake ni ngumu na inaumiza kidole gumba. Kijimfuko kikiwa kitupu lakini kina alama ya kifaa iliyojichora kwenye ngozi, basi kifaa kilikuwamo kwa muda mrefu. Piga picha alama hiyo ukimulika taa kutoka pembeni.

Kwenye ukingo wa mbele wa ala kuna mfuko mrefu mwembamba. Ni wa magazini ya akiba. Luger ilitolewa na magazini mbili za risasi nane nane, moja ndani ya bastola na moja hapa. Enzi za Kaiseri, mfalme wa Ujerumani hadi 1918, zote mbili ziligongwa namba ya bastola, na ile ya akiba ikaongezewa alama ya kujumlisha. Ukikuta alama hiyo kwenye kitako cha mbao cha magazini, umekuta kitu kilichokaa kwenye mfuko huu hasa. Midomo ya magazini ni bati jembamba. Ikipinda kidogo tu bastola haili risasi. Ndiyo sababu hawakuacha magazini ya akiba izurure kwenye mfuko wa koti.

Ile Luger ndefu ya wapiga mizinga, iliyopitishwa 1913 ikiwa na mtutu wa milimita 200, iliongezewa ubao bapa wa kuegemeza begani, na ala ikafungwa juu ya ubao huo. Baadaye ikaja magazini ya mviringo ya risasi 32, iliyofanana na konokono, nayo ikapewa kifuniko chake cha bati cha kuziba shingo vumbi lisiingie. Kifuniko hicho ni kidogo na hakina jina juu yake, kwa hiyo hutupwa. Ukikuta kibati cha ajabu chini ya sanduku, usikitupe kabla hujauliza.

Wajerumani hao hao walikuwa na Mauser C96 ya 1896, ambayo ala yake haikuwa ya ngozi. Ilikuwa ya mti wa jozi uliochimbwa ndani, wenye kifuniko cha bawaba na kitufe. Ukitoa bastola, ala yenyewe inaunganishwa nyuma ya mpini, inakuwa kitako cha bunduki. Ulinzi na matumizi katika kipande kimoja cha mti. Waingereza nao waliipa bastola yao ya Webley kikuku chini ya mpini, wakapitisha ugwe hadi shingoni, ili ofisa akianguka kutoka juu ya farasi bastola imfuate badala ya kupotelea majanini. Rudi nyuma zaidi hadi bastola za gumegume (za kuwasha baruti kwa jiwe) za wapanda farasi utakuta mdeki, kile kijiti cha kushindilia, umefungwa kwa kiungo chini ya mtutu, kwa kuwa mtu anayepakia juu ya farasi akiudondosha mdeki amebaki na rungu. Ukiviona vitu hivi swali ni lilelile: vumbi, maji, kugongwa, au kupotea? Kifaa cha kulinda hujibu moja kati ya hayo, na kizuri hujibu mawili.

Kwetu Afrika Mashariki swali la maji ndilo lililoshinda. Vita vya 1914 hadi 1918 vilianza kwa kishindo Tanga mnamo Novemba 1914, vikapita Rufiji na Mahiwa, na Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akaja kusalimisha silaha Abercorn, Mbala ya leo nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Bastola zilikuwa za maofisa. Askari wetu na wapagazi walibeba bunduki na mizigo. Ila ngozi yoyote iliyovuka Rufiji wakati wa masika ilipata kitu ambacho watengenezaji wa Ulaya hawakukipima sawasawa. Ukungu, uzi unaooza, na ngozi inayokauka juani hadi kuwa ngumu kama ganda la mti. Ala iliyopita huku huonesha hivyo, hasa kwenye mishono ya chini ambako maji hutuama.

Hatua ya pili: soma mihuri kabla ya kusafisha

Watu husafisha kwanza, kisha wanatafuta maandishi ambayo wameshayafuta. Fanya kinyume. Zima taa ya juu, chukua tochi, uilaze sambamba na ngozi. Tafuta mgongoni, kati ya vitanzi viwili vya mkanda, na upande wa ndani wa kifuniko.

Ala za Vita vya Kwanza huwa na jina la mtengenezaji, mji, na mwaka. Mara nyingi kuna pia herufi B.A. pamoja na namba ya Kirumi. Ni kifupi cha Bekleidungsamt, bohari ya mavazi ya jeshi, na namba ni ya kikosi cha jeshi kilichohudumiwa na bohari hiyo. Ala za miaka ya 1930 na 1940 zina alama ya ukaguzi yenye tai, na kadiri vita vya pili vilivyoendelea majina ya watengenezaji yalibadilishwa kuwa herufi za siri. Rangi nayo inasema. Kabla ya 1915 ngozi ilikuwa ya kahawia. Kuanzia mwaka huo Wajerumani walianza kupaka nyeusi vifaa vyao vya ngozi. Ala nyeusi yenye mwaka 1912 basi si lazima iwe ya kughushi. Chungulia ndani ya kitanzi cha mkanda, mahali ambapo rangi haikufika, uone kama kahawia bado ipo.

Andika kila kitu kwa penseli kwenye daftari. Namba ya bastola, namba za magazini, muhuri wa ala. Mwaka wa ala na wa bastola visipolingana, usiseme kwamba jozi si halali. Ala ziliharibika, zikabadilishwa, na askari alichukua iliyokuwepo.

Hatua ya tatu: vitenganishe

Hapa ndipo kiini. Ngozi ya zamani ilitengenezwa kwa magome ya miti, nayo ina tanini. Tanini ikikutana na chuma na maji hutoa rangi nyeusi yenye ubluu. Ndiyo kemia ya wino wa zamani. Kwa hiyo bastola iliyolala kwenye ala hupata kutu, na ala hupata madoa meusi yasiyotoka. Wanadhuriana wote wawili. Juu ya hayo, ngozi hunywa unyevu wa hewa na kuukumbatia, ikaushikilia kwenye chuma hata siku ambayo chumba kimekauka.

Shaba nayo ina ugomvi wake. Pale kwenye misumari midogo na bizimu utakuta nta ya kijani kibichi, laini, inayovutika. Ni mafuta ya ngozi yaliyoungana na shaba. Yaondoe kwa kijiti cha meno cha mti, taratibu, ukikitupa kila kinapochafuka. Usitumie wembe, na usitumie dawa ya kung'arishia shaba: itaingia kwenye ngozi na kuacha duara jeupe lisilotoka milele.

Mtu akikuambia bastola inapendeza ikioneshwa ndani ya ala yake, mwekee ala iliyofunguliwa, bastola pembeni yake. Mtazamaji ataona mengi zaidi.

Hatua ya nne: ngozi, na mambo usiyoipaka

Anza na brashi laini ya nywele, kwa kufagia kuelekea kwenye kitambaa au kwenye mdomo wa mashine ya kunyonya vumbi uliofunikwa kwa chandarua. Kwa ala nyingi kazi inaishia hapo, na hapo ndipo mkono unapowasha kutaka kuongeza kitu. Uzuie.

Usipake mafuta ya nazi. Usipake kiwi ya viatu. Usipake sabuni ya tandiko wala mafuta ya kwato ambayo vitabu vya zamani viliyasifu. Naijua raha yake: ngozi inameremeta mchana ule ule. Baada ya miezi michache mafuta yanachacha, vumbi linanata, kijani cha shaba kinarudi maradufu, na ukungu umepata chakula. Niliwahi kuipaka mafuta ala moja nikiwa sijui, na mishono yake ikajaa masizi ambayo hadi leo hayajatoka. Ngozi ngumu iachwe ngumu. Kazi yake ya kukunjwa imekwisha.

Futa kidogo mahali pasipoonekana kwa pamba nyeupe kavu. Pamba ikitoka na unga mwekundu kama matofali yaliyosagwa, hiyo ni ngozi iliyoanza kuoza kwa asidi, ugonjwa wa ngozi nyingi za mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Maji yataifanya iwe nyeusi na kukakamaa papo hapo, basi usiilowanishe hata kidogo. Wahifadhi huitibu kwa gundi nyepesi iitwayo Klucel G iliyoyeyushwa kwenye spiriti. Kama hujawahi kuifanya, mpe anayejua. Wewe ifunge kwa karatasi isiyo na asidi na uiache itulie.

Ukungu mweupe usiupanguse ndani ya nyumba. Toa ala nje kivulini, vaa barakoa, acha ala ikauke kwa hewa, ndipo ufagie. Juani usiianike.

Jaza ndani ya ala kwa karatasi laini isiyo na asidi hadi irudie umbo lake, bila kuitanua. Gazeti lina asidi. Kisha funika kifuniko bila kukaza bizimu, maana mahali pale pa tundu la ukanda ndipo ngozi hukatikia kwanza.

Hatua ya tano: sanduku mbili

Kuna wanaoniuliza kwa nini mbili. Kwa sababu wanataka hewa tofauti. Chuma kinapenda ukavu, chini ya asilimia 40 ya unyevu. Ngozi na mbao za mpini zikikaushwa hivyo zinapasuka. Ngozi hukaa vizuri kati ya 45 na 55. Bastola yenye mpini wa mbao iweke karibu na 40, usiipeleke mbali zaidi. Hewa ya Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Zanzibar hukaa juu ya 70 siku nyingi, tena ina chumvi, kwa hiyo sanduku lisilofungwa barabara ni kama halipo. Nunua kipima unyevu kidogo, kimoja kwa kila sanduku. Bei yake ni ndogo kuliko ala yoyote.

Bastola ikishakaguliwa, chuma chake kipanguswe kwa kitambaa kikavu kisha kipakwe nta nyembamba ya kihifadhi. Renaissance ndiyo niliyoizoea, nayo ilitokana na kazi ya Makumbusho ya Uingereza. Nta haitiririki kama mafuta, haifiki kwenye mbao. Paka, subiri, ng'arisha kwa kitambaa kingine.

Sanduku liwe la plastiki ya polithini au polipropilini, lenye mpira wa kuziba hewa. Epuka PVC. Epuka sanduku la mti wa mwaloni, hata liwe zuri vipi, kwani hutoa asidi inayokula chuma. Na epuka kulitandika sufu ndani: wadudu wataila, na salfa yake itaharibu shaba. Weka silika jeli, zile chembe zinazobadilika rangi zikishashiba maji, ziweke ndani ya kimfuko cha kitambaa ili zisiguse kitu. Kwenye sanduku la ngozi weka kidogo tu, na utazame kipimo kila wiki kwa mwezi wa kwanza. Masika yakianza, tazama kila siku mbili. Chembe zikibadilika rangi, zikaushe kwenye oveni na kuzirudisha.

Mwisho andika vitambulisho viwili vya karatasi isiyo na asidi, uvifunge kwa uzi wa pamba, visigusane na shaba. Kwenye cha ala andika namba ya bastola. Kwenye cha bastola andika muhuri wa ala na mahali sanduku lake lilipo, rafu na namba. Kwenye cha magazini ya akiba, ile yenye alama ya kujumlisha, andika vyote viwili.